Daktari Aggrey na Shule Iliyoingia Nyumbani

Mwaka huu wahariri wa jarida letu waliniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kututangulia mbele ya haki. Wenzangu wakakimbilia mashujaa wa vita na magwiji wa mashairi. Mimi nimemchagua mwalimu. Msinicheke kwanza. Hebu nipeni nafasi nieleze sababu, kisha mtaamua wenyewe kama nimepotea njia au la.

Sababu yenyewe ni nyanyangu. Nyanyangu hapendi hospitali. Aliwahi kwenda mahali fulani akapanga foleni tangu alfajiri hadi adhuhuri, akarudi nyumbani bila kuonwa na mtu. Tangu siku hiyo akaapa kwamba atajitibu kwa tangawizi na dua. Mamangu alibembeleza, mjomba akagomba, wapi! Basi siku moja mdogo wangu akaja na barua kutoka shule yake ya msingi: wazazi na walezi wanaitwa, wauguzi watakuja. Mama alikuwa kazini, ikabidi nyanya ajifunge leso aende yeye, manake jambo la mjukuu hawezi kulikosa. Watoto wakapewa dawa za minyoo. Wakubwa waliokuwepo wakaombwa wakae kwenye madawati ya watoto, wapimwe presha. Kumbe presha ya nyanya ilikuwa juu sana, na yeye hana habari! Muuguzi akazungumza naye taratibu, akamwandikia pa kwenda na siku ya kwenda. Akaenda. Leo anakunywa dawa zake kila asubuhi, na bado anagombana na mimi kuhusu vyombo vichafu.

Nilikaa nikawaza. Hospitali ilimshinda nyanya, lakini shule haikumshinda. Shule iko karibu, mlango wake anaujua, walimu anawajua kwa majina. Je, ni nani aliyeanza kufikiri kwamba shule inaweza kuihudumia nyumba nzima, si mtoto peke yake? Nikamuuliza mwalimu wetu wa Historia. Akaniambia nianze na Aggrey. Mimi nilikuwa nikimjua Aggrey kwa hadithi moja tu, ile ya tai aliyelelewa na kuku akadhani naye ni kuku, mpaka alipoonyeshwa jua akaruka. Sikujua kwamba mwenye hadithi hiyo alifika Kenya yetu, wala sikujua alikuja kutafuta nini.

James Emman Kwegyir Aggrey alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1875 katika mji wa Anomabo, kwenye pwani ya nchi ambayo Waingereza waliiita Gold Coast, na ambayo tangu mwaka 1957 inaitwa Ghana. Ukitazama picha za mji huo utadhani ni kwetu: bahari mbele, ngome ya kizungu ufukoni, wavuvi na nyavu zao. Baba yake, Kodwo Kwegyir, alikuwa msemaji wa mfalme. Kazi hiyo si ndogo. Mfalme hasemi na watu moja kwa moja, maneno yake hupitia kwa msemaji, naye huyapima na kuyapamba kabla ya kuyatoa. Nadhani Aggrey alirithi ulimi huo, manake maisha yake yote yalikuwa ni kusema na watu wasioelewana.

Akiwa mtoto wa miaka minane hivi alipelekwa shule ya misheni ya Wamethodisti katika mji wa Cape Coast. Alikuwa mwanafunzi wa kushika. Alipofika umri wa miaka kumi na mitano, umri ambao baadhi yetu bado tunaamshwa na mama asubuhi, yeye alitumwa kijijini kufundisha. Hebu fikiri: kijana asiye na ndevu, peke yake, darasa limejaa, na baadhi ya wanafunzi ni wakubwa kuliko yeye. Baadaye alirudi Cape Coast akapanda ngazi ya ualimu mpaka akashika ukuu wa shule. Wakati huohuo, miaka ya 1897 na 1898, wazalendo wa pwani ile waliunda chama cha kupinga sheria ya Waingereza ya kutwaa ardhi. Aggrey alikuwa miongoni mwa vijana waliokitumikia chama hicho, na sheria ile ikaondolewa. Naomba mlishike jambo hili, kwa sababu baadaye watu watamshutumu kwamba alikuwa mpole kupita kiasi.

Mwaka 1898 akapanda meli kwenda Marekani. Kanisa la Wamarekani Weusi lilikuwa linatafuta vijana wa Kiafrika wa kusomesha, naye akachaguliwa. Akaingia Chuo cha Livingstone katika mji wa Salisbury, jimbo la North Carolina. Mwaka 1902 akamaliza akiwa wa kwanza katika darasa lake, na chuo kikamzuia asiondoke, kikamfanya mwalimu. Alikaa pale karibu miaka ishirini. Mwaka 1905 alimwoa Bi Rose Douglass, wakajaaliwa watoto wanne.

Sasa hapa ndipo pananivutia mimi. Aggrey alikuwa profesa. Angeweza kukaa na vitabu vyake, akavaa suti, akaitwa daktari, mambo yakaisha. Badala yake, kuanzia mwaka 1914 alikubali kuhudumia makanisa mawili madogo ya shamba nje ya mji. Waumini wake walikuwa wakulima weusi maskini, wengi wao wajukuu na watoto wa watumwa, wanaolima ardhi ya watu na kuishi kwa madeni. Aggrey aliona kwamba mahubiri ya Jumapili peke yake hayashibishi. Akawa anawafundisha habari za kilimo bora, kuweka akiba kwa pamoja, kutengeneza nyumba zao na kununua ardhi yao wenyewe. Wakati wa likizo alisafiri kwenda New York kusoma katika Chuo Kikuu cha Columbia, mwaka baada ya mwaka, mtu mzima na familia yake, akitafuta shahada juu ya shahada. Elimu ni bahari, na Aggrey hakuchoka kuogelea.

Huko kusini mwa Marekani kulikuwa na kazi nyingine iliyokuwa ikiendelea, na lazima niieleze kwa sababu ndiyo iliyofika Kenya. Katika jimbo la Virginia alikuwepo mwalimu mmoja mwanamke aliyeitwa Virginia Randolph. Yeye alifundisha katika shule ndogo ya watoto weusi. Alipofika akakuta jengo limechakaa na uwanja ni matope. Hakulia wala hakungoja serikali. Alipaka chokaa, akasafisha uwanja, akaenda nyumba kwa nyumba kuwaona wazazi, akawafundisha watoto kushona, kupika na kusuka vikapu pamoja na kusoma. Wazazi wengine walimpinga mwanzoni. Walitaka watoto wao wapate vitabu tu. Yeye aliendelea. Mwaka 1907 bibi mmoja tajiri wa Philadelphia, Anna Jeanes, alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule za watu weusi vijijini. Mwaka 1908 Virginia Randolph akawa mwalimu wa kwanza wa mfuko huo, akapewa shule zaidi ya ishirini azizungukie. Walimu wa namna hiyo wakaitwa walimu wa Jeanes. Wakawa ni wakaguzi, washauri wa mama wazazi, watu wa afya na wachangishaji, yote kwa pamoja. Mwalimu wa Jeanes akiingia kijijini, anatazama ubao na chaki, halafu anatazama kisima, choo na mtoto mchanga.

Tumrudie Aggrey. Mwaka 1920 mfuko wa Phelps-Stokes wa New York uliunda tume ya kuchunguza elimu katika Afrika. Kiongozi wake alikuwa Dkt. Thomas Jesse Jones. Aggrey aliteuliwa kuwa mjumbe, na katika tume nzima yeye ndiye mtu mweusi pekee. Wakazunguka Afrika ya Magharibi, wakashuka hadi Kongo, Angola na Afrika Kusini. Huko kusini Aggrey alionja ubaguzi mchungu. Mtu mwenye shahada za chuo kikuu, lakini rangi yake ndiyo iliyoamua atakaa wapi na atalala wapi. Aliumia, lakini hakuzira. Alihutubia weusi na weupe, akawa kama baba yake tena: msemaji baina ya pande mbili.

Tume ya pili ndiyo yetu. Ilikuja mwaka 1924, ikapitia Ethiopia, Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar na nchi za kusini. Mimi kila nikipita karibu na Mnara wa Mbaraki huwaza habari za safari zile. Mwaka ule magati makubwa ya Kilindini yalikuwa bado yanajengwa, na meli zilitia nanga majini, abiria wakaletwa nchi kavu kwa mashua. Mnara ulikuwepo tayari, umesimama na mawe yake ya matumbawe, umekwisha kuona majahazi na meli za kila namna zikiingia kisiwani.

Kenya ya mwaka 1924 haikuwa mahali pa raha kwa Mwafrika. Wanaume walivaa kipande shingoni. Kodi ya kibanda ilikuwa nzito. Miaka miwili tu nyuma yake Harry Thuku alikamatwa, watu waliokusanyika Nairobi kumtetea wakapigwa risasi, naye akapelekwa kizuizini Kismayu. Katika nchi kama hiyo anafika Mwafrika amevaa suti, anafuatana na Wazungu, anakaa nao meza moja na kuzungumza nao kama mtu na mwenzake. Watu walikuwa hawajaona kitu kama hicho. Walikwenda kumsikiliza kwa wingi, maneno yake yakitafsiriwa. Kwa wengi, kumwona tu kulikuwa ni somo.

Aliwaachia nini? Tume iliandika kwamba elimu nyingi ya wakati ule ilimtoa mtoto nyumbani bila kuigusa nyumba. Mtoto anajua kukariri, lakini mama yake anachota maji machafu, mdogo wake anaharisha, baba yake hajui kwa nini shamba limechoka. Wakapendekeza kwamba shule ianze na mambo manne: afya, matumizi mazuri ya mazingira, maisha ya nyumbani, na burudani yenye faida. Aggrey yeye aliongeza msisitizo mmoja aliourudia kila alikokwenda: wasichana wasomeshwe. Aliamini kwamba mvulana akisoma huenda ikawa faida ni yake, lakini msichana akisoma elimu inaingia jikoni, inakaa na watoto, inaenea nyumba nzima. Akina dada wa chama chetu, huyu ni wenu.

Pendekezo halikubaki karatasini. Mwaka 1925 Shule ya Jeanes ilianza Kabete, nje kidogo ya Nairobi, kwa msaada wa fedha za mfuko wa Carnegie wa Marekani na serikali ya Kenya. Mkuu wake wa kwanza alikuwa James Dougall, aliyekuwa katibu wa tume ile. Na hapa kuna jambo lililonifurahisha kuliko yote. Mwalimu aliyechaguliwa kwenda kusoma Kabete hakwenda peke yake. Alikwenda na mkewe na watoto wao. Walipewa nyumba katika kijiji cha shule, wakaishi humo wakati wote wa masomo. Mume anasoma namna ya kusimamia shule za vijijini. Mke naye ana masomo yake: malezi ya mtoto mchanga, usafi, chakula, ushonaji. Watoto wao wanakua palepale. Yaani nyumba nzima ndiyo iliyokuwa mwanafunzi.

Masomo yakiisha wanarudi kwao, na mwalimu anakabidhiwa shule kadhaa azizungukie. Anakwenda kwa miguu au kwa baiskeli. Anamsaidia mwalimu wa kijiji ambaye pengine mwenyewe alisoma miaka michache tu. Kisha anakutana na wazee kuzungumza habari za vyoo, visima, madirisha ya kuingiza hewa na bustani za mboga. Walitumia hata michezo ya kuigiza kufundisha usafi. Mke wake naye anawakusanya akina mama. Na nyumba yao wenyewe ndiyo kitabu: jirani akipita anaona kitanda kimeinuliwa, maji yamefunikwa, mtoto ni msafi, naye anauliza. Hakuna hotuba inayoshinda hiyo. Mpango huu ukapendwa, ukaenea mpaka Nyasaland na nchi mbili za Rhodesia.

Hadi hapa ninasifu tu, na mwalimu wetu hutukataza kusifu bila kupima. Basi tupime.

Kulikuwa na watu waliomlaumu Aggrey na tume yake, na hawakuwa watu wadogo. Huko Marekani msomi mkubwa mweusi, W. E. B. Du Bois, alizishambulia ripoti za Dkt. Jones. Aliona kwamba elimu ya bustani na usafi inampendeza mkoloni, kwa sababu inamtoa Mwafrika akiwa mfanyakazi mwenye afya, lakini si mwanasheria, si daktari, si mtawala. Hapa Kenya wazazi wengi waliona vivyo hivyo bila kumsoma Du Bois. Walitazama, wakaona kwamba mtoto wa mlowezi hafundishwi kuchimba choo. Anafundishwa hesabu na Kiingereza. Kwa nini wa kwetu apewe jembe? Kuanzia mwaka 1929 Wakikuyu wakaanza kujenga shule zao huru, na mwaka 1939 chuo cha ualimu kikafunguliwa Githunguri chini ya Mbiyu Koinange, aliyekwisha kusoma Marekani. Walitaka elimu kamili, na walikuwa na haki.

Nimelifikiri jambo hili usiku kadhaa, na nasema wazi kwamba limenisumbua. Je, Aggrey alidanganywa? Aliyepigania ardhi akiwa kijana, aliwezaje kukaa na watu waliotaka kutupunguzia masomo? Jibu langu ni hili, nanyi mnaweza kulipinga katika mkutano wa chama. Kosa halikuwa katika kupeleka afya nyumbani kupitia shule. Kosa lilikuwa la utawala, uliompa Mwafrika jambo hilo badala ya elimu ya juu, wakati ulipaswa kumpa vyote viwili. Aggrey mwenyewe ni ushahidi. Alisoma Kilatini na Kigiriki, alisoma chuo kikuu hadi mwisho wa uhai wake, na wakati huohuo hakuona aibu kuzungumza na mkulima juu ya deni lake. Hakuchagua kati ya kitabu na kisima. Waliokuja nyuma yake ndio waliotukata vipande.

Mwaka huohuo wa 1924 Aggrey aliitwa nyumbani. Gavana Guggisberg wa Gold Coast alikuwa anajenga chuo kikubwa Achimota, karibu na Accra, na akamwita Aggrey awe miongoni mwa viongozi wake wa kwanza pamoja na Mchungaji Fraser. Baada ya miaka ishirini na sita ng'ambo, mtoto wa msemaji akarudi. Pale alipigania hoja yake ileile ya wasichana, na Achimota ikawapokea wavulana na wasichana pamoja. Huenda leo tukaona ni jambo dogo, lakini zama zile lilizua maneno mengi. Watu walimfuata usiku na mchana kutaka ushauri. Miongoni mwa vijana waliomwona hapo ni Kwame Nkrumah, aliyekuja kuwa kiongozi wa kwanza wa Ghana huru, na ambaye alikiri kwamba Aggrey ndiye aliyemwasha moto wa utaifa.

Lakini maisha yana hila. Katikati ya mwaka 1927 Aggrey alikwenda likizo, akarudi New York kumaliza kitabu na masomo yake ya udaktari wa falsafa. Akaugua ghafla homa ya uti wa mgongo. Tarehe 30 Julai 1927 akafariki, umri wake miaka 51. Alizikwa Salisbury, mbali na bahari ya Anomabo. Mkewe aliachwa na watoto wanne. Wa mwisho, Rudolph, alikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Mtoto huyo alikuja kuwa balozi wa Marekani katika nchi za Senegal, Gambia na Romania. Siwezi kuificha huzuni iliyomo humu: mtu aliyehubiri habari za nyumba na familia alikaa muda mrefu mbali na nyumba yake mwenyewe, akiwatumikia watoto wa watu wengine. Bi Rose ndiye aliyebeba mzigo huo, na historia imemtaja kidogo mno.

Jina lake halikufa. Dar es Salaam kuna Mtaa wa Aggrey, pale Kariakoo. Mzee Kleist Sykes, mmoja wa waanzilishi wa African Association mwaka 1929, alisimulia kwamba ni Aggrey aliyemtia shauri la kuanzisha umoja wa Waafrika walipokutana mwaka 1924. Kutoka chama hicho ilikuja TAA, na kutoka TAA ikaja TANU. Uganda kuna shule yenye jina lake. Na ile Shule ya Jeanes ya Kabete? Vita vya mwaka 1939 viliikatiza. Baada ya vita ikafundisha watu wa maendeleo ya jamii, na mwaka 1961 ikageuka kuwa chuo cha utawala, kinachofunza maofisa wa serikali mpaka leo kwa jina jingine. Walimu wa Jeanes wakasahauliwa, isipokuwa na wajukuu wao.

Je, wazo lenyewe nalo limesahauliwa? Hapana, na hapa narudi nyumbani. Katika miaka ya 1980, hapa hapa Mombasa, wazee wa Kiislamu waliomba msaada wa Aga Khan kwa ajili ya watoto wadogo, na ukaanza mpango wa shule za chekechea katika madrasa. Akina mama wa mitaani wakafunzwa ualimu, wazazi wakaunda kamati, shule ikawa mali ya mtaa. Mpango huo ukavuka ukafika Zanzibar na Uganda. Tena, tangu mwaka 2009, na kwa nguvu zaidi tangu 2012, serikali imekuwa ikitoa dawa za minyoo na kichocho mashuleni, na mkoa wetu wa zamani wa Pwani umo. Anayempa mtoto kidonge ni mwalimu wake mwenyewe aliyefunzwa kazi hiyo, na hata mtoto wa jirani asiyesoma pale huruhusiwa kuja kupata chake. Mamilioni ya watoto wamefikiwa kwa njia hiyo. Kama dawa ingengojea hospitalini, wangapi wangeifuata?

Ndiyo maana nikamwandika mwalimu. Sisi wa sekondari tunapenda kuhesabu alama. Tunaulizana nani kapata A, nani kapata D ya fimbo. Sisemi alama hazina maana, manake hata Aggrey alikuwa wa kwanza darasani. Lakini nawauliza, na najiuliza mimi mwenyewe: nyumba yetu inajua nini kwa sababu sisi tunasoma? Tumefundishwa habari za sukari na presha katika Biolojia, je, tumemweleza nyanya? Tumefundishwa maji yanavyochafuka, je, tumekitazama kisima cha jirani? Mwezi uliopita nilimsomea nyanyangu maandishi madogo kwenye pakiti ya dawa zake, kwa Kiswahili, neno kwa neno. Alinisikiliza kimya, kisha akaniuliza kama haya ndiyo wanayotufundisha siku zote. Nikaona haya kidogo, kwa sababu nilikuwa nikiyajua tangu Kidato cha Pili na sikuwahi kumwambia.

Basi naleta ombi rasmi kwa chama chetu na kwa walimu wetu walezi. Muhula ujao tufanye siku moja ya wazazi isiyo ya kusoma matokeo tu. Tuwaombe wauguzi wa zahanati ya karibu waje na vipimo vyao. Sisi wanachama tuwe wakalimani wa maneno ya kidaktari, tuyatie katika Kiswahili ambacho nyanya wa kila mmoja wetu atakielewa. Hiyo itakuwa kazi ya Kiswahili hasa, na itakuwa kazi ya msemaji, kama aliyoifanya Kodwo Kwegyir kwa mfalme wake na mwanawe kwa Afrika nzima. Madawati tunayo, kivuli tunacho, na wazazi watakuja wakiitwa na watoto wao.

Nyanyangu amekwisha kuniahidi kwamba atakuwa wa kwanza kwenye foleni. Ametoa sharti moja tu: foleni iende.